Kipandio cha Soseji

Asubuhi ile niliamka naimba. Nalisema hili mapema kwa sababu wako watu, na shangazi yangu ndiye kinara wao, ambao mambo yakishaharibika hudai walikuwa wameshanusa tangu zamani. Mimi sikunusa kitu. Nilifagia, nikapiga deki, nikatandaza zulia kuanzia sebuleni mpaka mlango wa jikoni ili miguu mifupi isije ikateleza kwenye vigae. Nyaya za redio na pasi nilizifunga juu, mbali na meno madogo. Kikapu cha kulalia nilikuwa nimeshakishonea godoro na blanketi la mfuko, kwa kuwa niliambiwa mbwa wa aina ile hapati usingizi mpaka ajifukie mzima mzima kama kiazi.

Aina yenyewe inaitwa dachshund. Jina hilo lilinishinda ulimi siku ya kwanza, nikamwita Soseji, na nyie mngemwona mngeniunga mkono: mwili mrefu, miguu ya kuazima, masikio yanayofagia njia. Mama yake ni mbwa wa daktari wa mifugo, mwanamke ninayemshonea mapazia ya kliniki. Mbwa huyo alipozaa nilikwenda kupima madirisha, nikatoka na ahadi ya mtoto mmoja.

"Nakupa, lakini sikiliza vizuri," Daktari aliniambia. "Huyu mgongo wake ndio maisha yake. Asiruke kutoka kitandani. Asipande wala kushuka ngazi. Asinenepe. Ukimwinua, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Ukimning'iniza kama paka utamlemaza."

"Kitandani atapandaje basi?"

"Mzuie. Au mtengenezee kipandio. Si una fundi wako?"

Nilikuwa naye, tena fundi wa mbao anayejulikana mji mzima kwa jina la Sentimita. Jina hilo nilimpa mimi. Tulikutana kwenye nyumba ya watu, yeye akifunga makabati, mimi nikitundika mapazia, akaja nyuma yangu akasema, "Dada, upande wa kushoto umepungua kidole." Nilimtukana kimoyomoyo, nikapima, nikakuta kweli umepungua kidole. Tangu siku hiyo sikuweza kumtoa akilini. Kuna wanaume wanaosifu macho yako na wasione kitu. Huyu aliona kidole.

Harusi yetu ilikuwa ifanyike mwezi uliofuata. Vyumba hivi viwili nilivipanga mimi, nikahamia mapema, yeye aje baada ya harusi. Nilivichagua vya chini, visivyo na ngazi hata moja, kwa ajili ya Soseji. Lakini kusema ukweli nilivichagua kwa ajili ya mlango. Nilikulia kwa shangazi, nikilala kwenye korido kati ya choo na jiko, watu wakipita wakiniruka. Nilimweleza Sentimita jambo hilo mara moja tu. Alinishika mkono akasema, "Utakuwa na mlango wako. Nitautengeneza mimi." Nikalia pale pale, mbele ya watu.

Sasa basi. Jua lilikuwa limeshapanda nilipousikia mlio wa pikapu yake nje.

"Fungua mlango wote! Mzigo unaingia!"

Nikatoka mbio, futi kamba yangu ingali shingoni. Alikuwa amebeba kipandio mikononi kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Jamani, kilikuwa kizuri! Ubao mmoja mrefu wa mteremko, umepigwa msasa mpaka unang'aa, juu yake zulia la kijani ili makucha yashike, na pembeni ukingo mdogo.

"Ukingo wa nini?"

"Asidondoke. Mtoto yule."

"We!" Nilikipapasa huku na huku, sikukuta hata kibanzi. "Mbona mimi hujawahi kunitengenezea kitu kizuri hivi?"

"Wewe una miguu mirefu. Unapanda mwenyewe."

Nilimpiga na ncha ya futi kamba, akacheka, akanivuta kwake kwa mkono ulionukia mbao na gundi. Nikayafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa hanitazami. Alikuwa anatazama kipandio, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesahau kitu kwenye moto.

"Haya, tukakijaribu," nikasema.

"Aa, kiache tu hapo ukutani. Tutakijaribu akishafika mwenyewe."

"Ili aanguke ndipo tujue? Shika huko."

"Bibie, tuna haraka. Mama yupo kwenye gari, nampitisha kwa dada yake."

"Umemwacha Mama juani? Mwambie aingie basi, anywe hata maji."

"Hataki. Amesema ana haraka."

Sikumsikiliza. Nikakiburuta mwenyewe mpaka chumbani, nikakisimamisha ubavuni mwa kitanda. Nikarudi nyuma nikitazama, bado natabasamu. Ncha ya juu ya kipandio ilikuwa imelipita godoro langu kwa shibiri nzima.

"Kimezidi," nikasema.

"Kidogo."

"Kidogo? Soseji akifika huku juu itabidi aruke kushuka kwenye godoro. Si ndicho kile kile alichokataza Daktari?"

"Labda godoro lako limebonyea."

"Godoro jipya, tulilibeba wote wawili. Ulipima lini?"

Akaitoa penseli sikioni, akairudisha. "Nilikadiria kwa macho."

Nilicheka, kwa sababu nilidhani ananitania. "Wewe? Wewe uliyepima mlango wangu mara mbili ndipo ukapitisha kabati? Leo unakadiria kwa macho kitu cha kiumbe ambaye mgongo wake ndio roho yake?"

Hakucheka. Nikainama kuangalia vizuri. Kule juu alikuwa amechonga kulabu mbili za mbao, nzuri kama kila kitu chake, za kukishikilia kipandio kisisogee. Nilivua futi kamba shingoni nikaiweka kati ya kulabu na ubao. Pale pangeingia boriti nene kama mkono wangu. Na kitanda changu ni cha bomba la chuma, jembamba kama mpini wa ufagio. Kulabu zile zilikuwa zinaelea tu, hazina cha kushika.

Nikabaki nimechuchumaa.

Nilikijua kitanda cha boriti. Siku ya kwanza kunipeleka kwao, mama yake alinipandisha ngazi hadi chumba cha juu, akanionyesha kitanda kilichotengenezwa na marehemu mume wake kwa mikono yake mwenyewe. Kirefu kwenda juu, cha kizamani. Alinikalisha pale, miguu yangu ikaning'inia bila kugusa sakafu, tukacheka wote watatu.

"Umekosea," nikamwambia, bado sijamtazama. "Sema umekosea. Nitakuamini."

Nje gari la mtu lilipita, likaisha.

"Sikukosea," akasema.

"Ni cha kitanda gani?"

"Unajua."

"Nataka nisikie."

"Cha kule nyumbani."

"Kule nyumbani ni wapi? Maana mimi niko nyumbani hapa."

Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti. "Nilikuwa nikuambie leo."

"Leo saa ngapi? Kabla ya mbwa au baada ya mbwa?"

"Usinipandishie sauti. Nisikilize kwanza. Mama hawezi kubaki peke yake. Mguu wake unauona. Analia kila nikigusia kuhama. Nilifikiri tukae hapa kwanza, ufurahi na vyumba vyako, ufurahi na mbwa wako, halafu polepole..."

"Polepole nini?"

"Polepole tuzoee kule."

"Vyumba vyangu. Mbwa wangu. Wewe chako kiko wapi hapa?"

Nikainuka na kuanza kuzungukazunguka chumba kama kuku aliyekosa pa kutagia.

"Kule ni ghorofani," nikasema. "Ngazi zile za mwinuko. Daktari kasema nini kuhusu ngazi?"

"Nitambeba."

"Ukiwa kazini?"

"Utambeba wewe."

"Na mimi atanibeba nani?"

"Unafanya mambo kuwa makubwa. Ni nyumba tu."

"Ni nyumba tu! Umekaa karakana kwako siku zote hizo, unapiga msasa, unabandika zulia, unamwekea mtoto wa mbwa ukingo asidondoke, na muda wote huo unajua. Kila ulipokigusa ulijua. Mimi hapa nashona mapazia ya dirisha ambalo wewe hutalifungua."

"Nakupenda."

"Najua. Ndiyo maana inauma. Ungekuwa hunipendi ningekutoa na ufagio tungemaliza."

Alinyanyua uso akanitazama, na yale macho, Mungu wangu, yalikuwa ni yale yale. Macho yaliyoona kidole. Nilitaka kumwendea nikamkumbatie kichwa, na nilitaka kumrushia pasi. Nilisimama pale pale nisifanye lolote.

Ndipo hodi ikapigwa, hodi ya mkongojo.

"Hodi wenyewe! Nimekaa kwenye gari mpaka nimeota ukungu!"

"Karibu, Mama," nikasema, nikipangusa uso kwa kiganja.

Mama mkwe aliingia akivuta mguu, akashika mlango, akashika kabati, akafika. Alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Mbona nyuso hivyo? Mbwa amekufa kabla hajafika?"

"Hapana, Mama. Keti."

"Nitakaa baadaye, nikikaa siinuki." Akageuka huku na huko. "Lo, umepaweka vizuri. Pana mwanga. Mimi ningekuwa wewe nisingepaacha."

"Nani kasema napaacha?"

"Wewe!" Alishangaa kweli. "Si huyu kaniambia? Umelia, kwa vile hukulelewa na mama, unataka uje ukae na mama. Nikasema sawa. Nikasema hata huyo mbwa aje, na mimi mbwa ndani ya nyumba nilishaapa sitamuona. Nimefua mapazia. Nimemwambia dada yangu asinitarajie tena."

Sikumwelewa mara moja. "Asikutarajie kwa nini?"

"Si nilikuwa nahamia kwake! Hujaambiwa? Ameshanipakia chumba rangi, wawili wazee tuzungumze usiku kucha. Nikaahirisha kwa ajili yako wewe. Nimwache mkwe analilia mama?"

Nilimgeukia Sentimita. Alikuwa anatazama dari. Nilidhani nilikuwa nimeshafika chini kabisa, kumbe palikuwa na chini zaidi. Korido ya shangazi. Kile kitu kimoja nilichompa nikilia, alikichukua akaenda kukipachika mahali alipokuwa na pengo.

"Ulimwambia mama yako nimelia nataka mama?"

"Sikusema hivyo hasa."

"Ulisema vipi hasa?" Mama mkwe akauliza. Alikuwa ameshaelewa, na uso wake ulibadilika taratibu. "Na kunihusu mimi ulimwambia nini? Kwamba na mimi nalia?"

"Mama, huwezi kuhama na huo mguu."

"Mguu wangu au wako? Kwa dada yangu hakuna ngazi hata moja. Kwangu naushusha huo mguu kila siku kwa matako, na wewe unaniona. Nilikuambia tangu mwanzo naondoka, ukaniambia subiri."

"Nilitaka kila mtu afurahi."

"Kila mtu!" nikasema. "Mama anataka kwa dada yake. Mimi nataka hapa. Hata mbwa hataki ngazi. Niambie ni nani anayeitaka ile nyumba."

Akaitoa tena penseli sikioni, akaikagua ncha.

"Ni hivi hivi tangu mdogo," Mama mkwe akaniambia kama vile mwanawe hayupo chumbani. "Ukimuuliza chai au maziwa, anakwambia vyote. Halafu anakaa navyo mpaka vinapoa."

"Mama, basi."

"Basi nini? Unamdanganya mwenzio kwa jina langu, unanidanganya mimi kwa jina lake, halafu basi?"

Nilijua nikiendelea kusema nitasema vitu visivyosahaulika. Nami sikutaka kumkosa. Ndio ukweli, na aibu sina. Bado nilimtaka, na uongo wake na yote. Nilijiambia huyu ni mwoga, si mwovu, na mwoga akipewa kazi ya mikono hupata nguvu. Kwa hiyo nikamuuliza jambo dogo.

"Msumeno upo kwenye gari?"

"Upo."

"Kaulete. Kipunguze kiwe sawa na hapa. Mama ameshasema anahama. Hakuna mtu anayebaki peke yake. Kikate, tukamchukue Soseji, na mengine nitayameza. Nakuapia nitayameza."

Kisha akatoka, na nilisikia hatua zake zikienda na zikirudi, na moyo ukaninyanyuka kwa kila hatua ya kurudi. Aliingia na msumeno na futi yake ya chuma. Akapiga magoti kando ya kitanda changu, akakipima. Ndiyo mara ya kwanza kukipima tangu nihamie. Akageuza kipandio ubavu, akaweka alama, akachora mstari kwa penseli, mstari ulionyooka kama uzi. Shingo yake ilikuwa imeinama, nywele za kisogoni zina vumbi la mbao. Nilimpenda wakati ule kupita siku zote. Mama mkwe, mlangoni, alikuwa amekamata mkongojo kwa mikono miwili.

Akaweka meno ya msumeno juu ya mstari.

Hakusukuma.

Alikaa hivyo, kidole gumba kimekandamiza ubao, mpaka nikaona kimekuwa cheupe. Kisha akauinua msumeno.

"Nikikikata hapa," akasema polepole, "kule hakitafaa tena."

"Rudia," nikamwambia, ingawa nilikuwa nimesikia.

"Nasema tu. Ubao ni mmoja. Ukishakatwa haurudi."

"Ndiyo maana nakuomba ukate."

"Nipe muda kidogo nifikiri."

"Unafikiri nini, mwanangu?" Mama mkwe alisema, na safari hii hakuwa na ukali. "Mimi nimeshakuachia."

"Nyumba itabaki na nani?" Sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamume niliyemjua. "Kitanda cha Baba kitabaki na nani? Kila mtu anakwenda zake, mnaniambia mimi ndiye nifunge mlango. Siwezi. Nimejaribu, siwezi."

Machozi yalimtoka, akayaacha yaanguke kwenye zulia la kijani. Nilimhurumia, nisiseme uongo. Lakini mimi nilikuwa naomba mume, na aliyepiga magoti pale alikuwa mtoto wa watu anayelinda kitanda cha baba yake. Ningeweza kumkumbatia nikamwambia haya, twende kule, nitabeba Soseji ngazini asubuhi na jioni, nitalala miguu inaning'inia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikayameza, yakashuka kama mfupa.

"Kichukue," nikasema.

"Na Soseji?"

"Kichukue, tafadhali."

Aliinuka. Alikibeba kipandio vile vile alivyokileta, kifuani, na alipofika mlangoni akakipitisha kwa ubavu, taratibu, asikwaruze ukuta wangu. Hilo ndilo lililonifanya nilie. Hata wakati ule alijali rangi ya ukuta.

Kwenye mlango wa gari akageuka. "Nampeleka Mama, narudi. Tutakwenda kwa Daktari pamoja. Usiende peke yako. Nitarudi kabla hajafunga."

"Haya."

"Utaningoja?"

"Si nimesema haya?"

Mama mkwe alichelewa nyuma. Alinishika shavu kwa kiganja kikavu, akanisogeza karibu na mdomo wake kama anayetaka kunibusu. "Mwanangu," akaninong'oneza, "mimi ndiye niliyemzaa. Usimngoje."

Nilimngoja.

Nilingoja kwa kufanya kazi, maana nikikaa ningepiga ukelele. Nilichukua spana nikafungua kitanda bomba kwa bomba, nikayasimamisha nyuma ya kabati, nikaliweka godoro chini. Basi, Soseji hana haja ya kipandio. Nikatandika upya. Nikaweka bakuli la maji, nikalihamisha, nikalirudisha. Kila gari lililopunguza mwendo mtaani nilikuwa dirishani, nikijifanya narekebisha pazia. Pazia langu halijapata kurekebishwa namna ile. Jua likahama upande wa jikoni. Nikampigia.

"Nakuja, nakuja," akasema.

"Uko wapi?"

"Nipo njiani."

Nyuma ya sauti yake redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, ile redio ya mama yake inayokwaruza, isiyotoka juu ya friji kwa kuwa waya wake mfupi. Nilisikiliza majina mawili matatu ya marehemu wa watu.

"Haya," nikasema. "Endesha polepole."

Simu iliyofuata ilikuwa ya Daktari.

"Vipi, bibi harusi? Mnakuja au hamji? Nataka kufunga. Na kuna mtu na mkewe wapo hapa, wamempenda, nimewaambia ana wenyewe. Lakini kama mmeghairi niambie nisiwaudhi watu."

Nyuma yake nako kulikuwa na sauti, ya kulia kwembamba, ya kiumbe aliyewekwa chini wakati anataka kubebwa.

"Waambie ana mwenyewe," nikasema. "Natoka sasa hivi."

Nilinawa uso, nikafunga kitambaa, nikachukua kikapu na blanketi la mfuko. Kliniki si mbali. Nilikwenda kwa miguu, haraka, bila kugeuka nyuma kila ninaposikia gari. Mara mbili tu niligeuka.

Yule mtu na mkewe walikuwa bado wamekaa kwenye benchi, wameshikana mikono, wananitazama kama mwizi. Daktari alimtoa Soseji kwenye kizimba chake, akanikabidhi. Alikuwa wa moto, mzito kuliko nilivyomkumbuka, na moyo wake ulipiga kwenye kiganja changu kwa fujo. Alininusa kidevu, akakilamba chumvi.

"Umeandaa nyumba?" Daktari akauliza. "Ngazi hakuna?"

"Hakuna."

"Kitandani je?"

"Nimelishusha godoro."

"Safi." Alitazama nyuma yangu, mlangoni, akitabasamu, akimtafuta mtu mrefu wa kuinama asigonge fremu. "Na fundi wetu? Anaegesha gari?"

Nilimfunika Soseji kwa blanketi, na mara moja akaanza kujifukia.

"Yuko kwao," nikasema.